Fedha zimelingana, lakini roho haitulii

SWALI: Nina miaka 31, ni keshia wa SACCOS mjini Morogoro, huu mwaka wa nne. Mwezi wa tatu nilipata shoti (upungufu wa fedha) ya Sh 50,000, ikakatwa kwenye mshahara. Tangu hapo fedha za kufungia siku nazihesabu mara nne, mara tano, hata zikiwa zimelingana na mfumo. Nyumbani namuuliza mume wangu kama anadhani nimekosea, naye hunijibu "acha mawazo". Meneja akituma ujumbe usiku, moyo unanienda mbio kabla sijaufungua. Nalala saa 5, ikifika saa 9 macho yako wazi. Jumapili jioni tumbo linaanza kunisokota. Ili nisisinzie kazini nakunywa makopo mawili, wakati mwingine matatu, ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Rafiki yangu kanipa vidonge vya diazepam, sijavigusa. Je, huu ni ugonjwa au mimi ni mwoga tu? Nifanye nini kabla sijaacha kazi?

JIBU: Dada, mwoga haketi kwenye dirisha la fedha miaka minne. Ulichoeleza ni mambo mawili yaliyosukana. La kwanza ni hatari ya kweli: keshia anaweza kupata shoti, na shoti inagusa mfuko wake. Dawa ya hilo ni utaratibu mzuri wa kufunga siku. La pili ni wasiwasi, na huo hautibiwi kwa kuhesabu. Watu wengi huhangaika miezi kwa sababu wanachukua dawa ya la kwanza wakalitibia la pili.

Tuanze na hizo hesabu, maana mzigo uko hapo. Mara ya kwanza unatafuta jibu: zipo shilingi ngapi? Mara ya pili unathibitisha. Kuanzia mara ya tatu fedha hazina jipya la kukuambia, na unachosubiri ni roho iseme "basi". Nayo husema kweli, kwa dakika tano au kumi. Tatizo ni kile ambacho ubongo unajifunza katika dakika hizo: kwamba umeepuka balaa kwa sababu ulirudia. Kwa hiyo kesho utakudai urudie tena, na keshokutwa mara nne hazitatosha.

Kuna madhara mengine ambayo watu hawayatarajii. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta, wakawa wanaliwasha, wanalizima na kulikagua tena na tena. Waliolikagua hilo jiko kwa kurudiarudia walikumbuka sawasawa walichofanya, ila hawakuiamini tena kumbukumbu yao, na picha yake kichwani ilikuwa hafifu. Ndiyo maana ukifika nyumbani huwezi kujiapiza kwamba bunda la mwisho la noti za elfu kumi ulilihesabu. Umelihesabu mara tano, na zote tano zimeyeyuka zikawa kitu kimoja.

Neno lenyewe wasiwasi tumelipata kwenye Kiarabu, na waliosoma madrasa wanaujua wasiwasi wa udhu: mtu kaosha mkono mara tatu, anahisi haujapata maji, anarudia, wenzake wako rakaa ya pili yeye bado yuko bombani. Mafakihi, wataalamu wa sheria za Kiislamu, hawakumwambia aongeze maji. Walimkataza kurudia, kwa ile kanuni yao kwamba yakini, yaani uhakika, haiondolewi na shaka. Tiba ya kisaikolojia ya leo imepita njia nyingine ikafika palepale.

Kwa hiyo funga siku hivi. Dirisha limefungwa, simu iko mbali. Panga noti kwa thamani, 10,000 hadi 1,000, kisha sarafu. Kila noti 100 zifungie bunda, na juu ya utepe andika kiasi, tarehe na saini yako. Jumla iandike kwenye fomu kabla hujautazama mfumo. Ukiutazama kwanza, macho yatatafuta namba inayotakiwa. Hesabu ya pili aifanye mwenzako, naye asiione jumla yako mpaka amalize yake. Zikilingana, mnatia saini wote wawili, fedha zinaingia kwenye kasiki, kazi imekwisha. Kama ofisini kwenu keshia anahesabu peke yake hadi mwisho, hilo ni pengo la ofisi, si udhaifu wako, na ni halali kabisa kumwomba meneja alizibe.

Zisipolingana, hapo hesabu ya tatu ina sababu. Lakini usirudie noti tu; tafuta chanzo. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, angalia tarakimu zilizopinduliwa, kama 54,000 kuandikwa 45,000. Igawe pia kwa 2, kisha tafuta muamala wa kiasi hicho ulioingizwa upande usio wake. Hata ile Sh 50,000 yako ingeweza kuwa Sh 25,000 aliyochukua mwanachama ikaandikwa kama ameweka: droo imepungua 25,000 huku mfumo ukidhani imeongezeka 25,000. Mengine ya kukagua ni muamala uliojirudia na noti mpya zilizogandana.

Na kuhusu makato, jua mpaka ulipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kumkata tu mfanyakazi kwa ajili ya hasara. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, awe ameridhia makato kwa maandishi, apewe maandishi yanayoonyesha sababu na hesabu yake, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sisemi uanzishe ugomvi juu ya shoti ya mwezi wa tatu. Ila kichwa chako kwa sasa kimeandika "shoti" na mbele yake "maisha yameharibika", na kati ya hayo mawili kuna hatua nyingi.

Sasa sehemu ngumu. Zikilingana mara mbili, unaondoka na wasiwasi wako. Haujaisha, unaondoka nao hivyohivyo. Siku za mwanzo utapanda kama wimbi, kifua kitabana, miguu itataka kurudi. Usipoulisha, unashuka wenyewe. Mwanzoni huenda ukachukua saa nzima au zaidi, na kadiri siku zinavyokwenda unashuka mapema. Wengi hukwama hapa kwa ujanja mdogo: wanaacha kuhesabu kwa mikono, lakini wanarudia hesabu kichwani ndani ya daladala, au wamepiga picha ile fomu na kuitazama kitandani. Hizo nazo ni hesabu. Kama kushuka ghafla kutoka tano hadi mbili kunakushinda, wiki ya kwanza fanya nne, ya pili tatu, ya tatu mbili, mradi idadi uiamue asubuhi na si wakati roho imepanda.

Swali unalomwuliza mume wako ni hesabu ya sita. Mweleze hivyo siku mmetulia, si siku mmekasirikiana. Mkubaliane kwamba ukiuliza "unadhani nimekosea?", asijibu ndiyo wala hapana, aseme tu, "Hilo la wasiwasi, lipeleke kwenye muda wake," kisha muendelee na mengine. "Acha mawazo" anaisema kwa upendo, lakini haifanyi kazi: jaribu kutomfikiria mbuzi mwekundu kwa dakika moja uone.

Huo muda wake ni nini? Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani walijaribu njia hii, na hadi leo wataalamu wanaitumia. Tenga dakika 20 hadi 30 kila siku, saa ileile, mahali palepale. Kwako saa 12 jioni ingefaa: umeshatoka kazini, na kitanda bado kiko mbali. Pasiwe kitandani wala kwenye kochi unalopumzikia. Kiti cha uani kinatosha. Wazo likija saa 4 asubuhi mbele ya mteja, liandike kwa maneno matatu au manne, "vocha ya mama wa mchele", halafu rudi kwa mteja. Hujalikataa, umelipangia foleni.

Saa 12 ikifika, fungua karatasi na uyapitie yote, moja moja, ukijiuliza: hili lina hatua ninayoweza kuchukua kesho? "Sikumbuki kama mwanachama alisaini vocha" lina hatua: kesho saa 2 asubuhi tazama faili, kama hakusaini mpigie simu. Andika hatua hiyo, saa na siku, kisha lifunge. "Je, wakaguzi wakija mwakani wakakuta kitu?" halina hatua. Hilo huliandikii mpango wala hujipi moyo. Unaliandika kama lilivyo, "inawezekana, sijui", na unakaa nalo. Wengine huona muda huu kama upuuzi kwa sababu wakifika pale mawazo yamekauka. Kaeni hivyohivyo hadi dakika ziishe. Kuona kwamba jambo lililokutetemesha asubuhi jioni halina uzito ni sehemu ya dawa. Kinachoharibu ni kuzidisha. Kengele ikilia, nyanyuka, hata kama hujamaliza orodha, ukapike au utembee.

Baada ya wiki mbili ongeza majaribio madogo ya kuishi na kutojua. Anza na jepesi: tuma ujumbe wa kazi baada ya kuusoma mara moja tu. Kisha jibu swali la mwanachama bila kuthibitisha kwa mwenzako jambo unalolijua vizuri. Kabla ya kila jaribio andika unachotabiri, kwa mfano, "Meneja atanifokea." Baadaye andika kilichotokea, na kama kilitokea kibaya, ulikimalizaje. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa, maana wasiwasi hukuza mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa balaa, na udogo wako mbele yake.

Ujumbe wa meneja. Sheria hiyohiyo ya ajira inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, lakini kumtajia bosi kifungu usiku si njia ya kuanzia. Mwandikie mchana: "Habari za kazi, bosi. Naomba tuelewane jambo moja. Ujumbe wa kazi unaoingia baada ya saa 2 usiku nitakuwa naujibu asubuhi saa 1 na nusu. Kukiwa na dharura ya fedha au usalama, naomba unipigie." Kwa namna hii simu isipolia unajua hakuna dharura, na hilo peke yake linapunguza mengi. Zima mlio wa kundi la kazi kuanzia saa 2. Ila ujumbe ukishauona, usiuache siku nzima kwa kuogopa kuufungua. Ufungue ndani ya dakika moja. Ukiukwepa, unanenepa.

Kuhusu makopo: acha kujilaumu, lakini yapunguze. Kopo la kawaida la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi za kafeini, makubwa yana zaidi; soma lebo. Nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, kwa wengine zaidi, kwa hiyo la saa 9 alasiri bado linafanya kazi saa 2 usiku na baada ya hapo. Moyo mbio, mikono kutetemeka, tumbo kuvuruga: kafeini huleta vyote hivyo kwa mtu asiye na wasiwasi wowote, seuze wewe. Usiache kwa siku moja, kichwa kitauma. Punguza kopo moja kila siku nne au tano, la mwisho linywe kabla ya saa 6 mchana, na kumbuka chai ya rangi iliyokolea nayo imo.

Usingizi sitaurefusha. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Ukizinduka saa 9 na ukaona kama dakika 20 zimepita, usitazame saa wala simu. Toka kitandani, keti kwenye mwanga hafifu ufanye jambo la kuchosha, kama kukunja nguo, urudi macho yakiwa mazito. Kwa moyo kwenda mbio, vuta pumzi taratibu kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano, tumbo ndilo linyanyuke na si mabega. Watu hukosea kwa kuvuta pumzi kubwakubwa, matokeo yake kizunguzungu na ganzi vidoleni, kisha wanadhani wanakufa. Pumzi iwe ndogo na ndefu. Jizoeze ukiwa umetulia, mara mbili kwa siku, la sivyo siku ya siku pumzi hiyo haitakuja.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Kuna dodoso fupi liitwalo GAD-7 ambalo hutumika hospitalini duniani kote, na unaweza kujipima mwenyewe. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na: kuhisi hofu au roho kuwa juu, kushindwa kuuzuia wasiwasi, kuhofia mambo mengi kupita kiasi, kushindwa kujituliza, kuhangaika hadi huwezi kukaa mahali pamoja, kukasirika upesi, kuhisi kama jambo baya litatokea. Kila moja jipe 0 kama hapana kabisa, 1 kama siku kadhaa, 2 kama zaidi ya nusu ya siku, 3 kama karibu kila siku. Jumla ya 5 hadi 9 ni wasiwasi mdogo, 10 hadi 14 wa kati, 15 hadi 21 mkali. Kuanzia 10 uonane na mtaalamu. Dodoso halitoi jina la ugonjwa. Linakuambia tu kama umefika mahali pa kubisha hodi.

Ukienda, anza na vipimo vya kawaida, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu huja na moyo mbio na kukosa usingizi vilevile. Taja dawa zote unazotumia. Ya pumu, salbutamol, nayo hutetemesha. Taja pia kama unarudia mambo nje ya fedha: kufuli, jiko, kunawa mikono. Kama ndivyo, huenda ni ugonjwa wa kurudiarudia vitendo, ndugu wa karibu wa wasiwasi lakini tiba yake ina tofauti zake. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na huduma ya afya ya akili. Uliza dirishani bila kuona haya, humo hawatibiwi waliorukwa na akili peke yao.

Vidonge vya rafiki mrudishie. Diazepam inatuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: ndani ya wiki chache mwili huweza kuizoea, dozi ileile haitoshi, na ukiacha ghafla wasiwasi unarudi ukiwa mkubwa kuliko ulivyoanza. Tena inalegeza umakini, na wewe kazi yako ni kuhesabu. Pombe ya kutafutia usingizi ina tabia hiyohiyo: inakulaza saa 4, inakuamsha saa 9. Daktari akiona dawa inahitajika, mara nyingi huanza na za kundi la fluoxetine au sertraline. Hizo hazilewezi, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na siku za mwanzo huweza kuongeza wasiwasi kidogo au kichefuchefu. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Mwambie kama una mimba, unanyonyesha au unapanga kubeba.

Usingoje miadi kama unawaza kujidhuru au kuona heri usingekuwepo, au kama kifua kinauma kwa kubana na maumivu yanakwenda mkononi au tayani. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, pamoja na mtu.

Kuhusu kuacha kazi, usiandike barua mwezi huu. Uamuzi unaofanywa saa 9 usiku hutafuta kukimbia, na kwenye kazi mpya utahesabu kitu kingine. Andika leo jumla yako ya GAD-7 na idadi ya hesabu unazofanya kwa siku, fuata hayo kwa wiki sita, kisha jipime tena. Kama namba zote mbili zimeshuka na bado kazi huipendi, iache. Kama hazijashuka, usiongeze wiki nyingine sita peke yako; chukua hiyo karatasi yenye namba, nenda nayo kliniki.